Gari limelala Dodoma, betri imekufa: jibu kwa mnaouliza tunafanyaje kwenye theluji

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na ninyi wa Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa. Leo najibu swali moja tu, kwa sababu halikomi kuja: "Ninyi huko Kanada gari linalala kwenye theluji miezi minne halafu linawaka. Langu limekaa Nkuhungu wiki tano tu, betri imekufa. Mnatumia nini?" Na chini yake hapo hapo: "Nitumie hiyo chaja."

Najua nikitaja theluji naambiwa najitapa, na nikitaja gharama naambiwa nalalamika huku nakula dola. Sifanyi hata kimoja. Ninachosema ni jinsi mambo yalivyo kwa magari ya huku, wewe utapima kulingana na gari lako na mfuko wako.

Kwanza tuondoe lile linalowachanganya wengi. Mkiona video za Winnipeg, magari yana waya wa umeme unaoning'inia mbele ya grili. Waya ule hauchaji betri. Unapasha moto maji ya injini, ili oili isiwe nzito kama asali na stata isitumie nguvu nyingi kuizungusha injini asubuhi. Betri inachajiwa na kifaa kingine kabisa, nitakifikia.

Pili, betri haiuawi na baridi kama inavyouawa na joto. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa karibu nusu tu ya nguvu yake ya kuwashia, kweli. Lakini baridi hiyo hiyo inapunguza kasi ya betri kujimaliza yenyewe ndani. Betri iliyojaa chaji haigandi hata chini ya nyuzi 50 za baridi. Iliyoisha chaji inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri, ikavimba na kupasuka, na ikiganda hairuhusiwi kuchajiwa hadi iyeyuke. Ndiyo maana huku watu wanahangaika ilale ikiwa imejaa. Nyumbani ni kinyume: kila joto likipanda nyuzi 10, kuoza kwa ndani kunaenda kasi kama mara mbili. Gari jeusi likisimama juani Area D mwezi wa Oktoba, betri yake inazeeka haraka kuliko ya gari lililofunikwa na theluji. Ile asubuhi ya kipupwe ya Julai inapokataa kuwaka, unalaumu baridi, kumbe ilishaharibiwa na jua la mwaka jana.

Sasa hesabu. Gari likizimwa halilali kabisa. Alamu, kompyuta, kumbukumbu ya redio, na kile kifaa cha GPS cha kufuatilia gari, vyote vinakunywa. Miliampia 50 ni kawaida. Hiyo kwa siku ni ampia-saa 1.2 (kipimo cha umeme uliohifadhiwa kwenye betri), kwa mwezi 36. Betri ya ukubwa wa NS60 ina kama ampia-saa 45. Kwa hiyo wiki tano zako za Nkuhungu hazina uchawi wala fundi hajakuibia betri.

Ukitaka kujua lako linakunywa kiasi gani, vua waya wa hasi, weka mita kwenye sehemu ya ampia 10, sindano moja kwenye waya na nyingine kwenye kichwa cha betri. Subiri dakika 30 hadi 40, gari likidhani milango na boneti vimefungwa, kwa sababu kompyuta za gari zinachelewa kulala. Usiwashe gari wala swichi mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita itaondoka. Ikisoma zaidi ya miliampia 50, yaani 0.05 kwenye sehemu hiyo ya ampia, chomoa fyuzi za gari moja moja hadi namba ishuke. Mara nyingi mwizi ni GPS au redio iliyofungwa na fundi wa haraka, waya ukachukuliwa moja kwa moja kutoka betri.

Na volti, pima gari likiwa limepumzika usiku mzima. 12.6 hadi 12.7 imejaa. 12.4 imebaki robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Usisubiri hadi ishindwe kuwasha: ikikaa chini ya 12.4 kwa wiki kadhaa, salfeti inagandamana kwenye sahani za risasi na kuwa ngumu, na hapo hata ukichaji usiku kucha inajaa uongo. Inasoma 12.6, ukipiga stata inaanguka hadi 8.

Kuhusu kumwambia mdogo wako aliwashe dakika tano kila Jumapili, mimi sishauri. Stata inakula kidogo tu, tatizo ni kwamba kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma gari limesimama, alteneta inatoa kidogo, na robo ya mwisho ya betri huingia polepole kwa saa nyingi. Injini isiyopata moto inabakiza maji na petroli kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama ana leseni na unamwamini, aende nalo Mtumba na kurudi kila wiki mbili, zaidi ya nusu saa barabarani bila AC. Hilo lina maana.

Huku hata hilo mara nyingi haliwezekani, na hapa mniruhusu. Ukitaka bima ipungue kwa sababu gari limelala, unajaza fomu, na ukishajaza huruhusiwi kuligusa barabarani hata kulizungusha mtaa. Usipojaza, unalipa kila mwezi bima ya kitu kilichozikwa. Ndipo watu wananunua chaja ya kutunzia betri, ya ampia 1 hadi 4: inajaza hadi volti 14.4 hivi, kisha inashuka yenyewe na kushikilia 13.5. Inaweza kukaa miezi.

Kukutumia hiyo? Ya huku ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 za TANESCO inaungua siku hiyo hiyo, na utakuwa umelipia usafiri na kodi ya forodha kwa kitu cha moshi. Nunua huko, soma kibandiko kiseme 230 au 100 hadi 240. Ina kitufe chenye picha ya theluji? Usikiguse Dodoma. Kinapandisha volti hadi karibu 14.7, na kwenye joto hilo betri ya maji inachemka na kukauka. Umeme inaotumia chaja hii ya kutunzia ni mdogo, wati 5 ni kama yuniti 3 na nusu za LUKU kwa mwezi. Zile chaja kubwa za gereji zisizojikata zenyewe usiziache usiku. Zinatoa gesi ya haidrojeni, cheche moja tu inalipua.

Lakini ninyi mna jua. Paneli ya wati 10 juu ya banda la gari, si ndani nyuma ya kioo cha tinti, inarudisha zaidi ya ampia-saa 2 kwa siku ya kiangazi. Gari linakunywa 1.2. Weka kontrola, kile kifaa cha kuzuia paneli isizidishe chaji, unganisha betri kwanza ndipo paneli, fyuzi ya ampia 5 karibu na chanya, na futa vumbi kila wiki.

Huna hela ya vyote hivyo? Spana namba 10. Vua hasi kwanza, kwani ukianza na chanya spana ikagusa bodi ni moto. Ukirudisha, chanya kwanza. Kabla ya kuvua, hakikisha una namba ya siri ya redio na ufunguo wa chuma, rimoti haitafungua mlango. Betri iliyojaa, waya umevuliwa, kwenye kivuli, inakaa miezi miwili bila shida. Ikifika hapo ichajiwe.

Kama ni betri ya maji, chungulia kila mwezi. Maji yafike milimita 10 juu ya sahani, na yawe maji safi ya betri ya dukani (distilled). Maji ya bomba na ya visima vya Dodoma yana chumvi, mnaiona kwenye birika. Ile chokaa ikiingia kwenye betri haitoki. Na usiongeze tindikali, kilichopotea ni maji tu.

Niandikieni hapo chini namba ya betri, mwaka ilipowekwa na volti za asubuhi kabla ya kuwasha. Bila hizo tatu siwezi kukwambia kama ni ya kuchaji au ya kubadilisha.