Kwa Nini Mashine ya Arobaini Haifai Kurusha Ndege

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa gatini mliojaa huko nyuma, ahsanteni kwa kuja na jua hili bado kali.

Nimeitwa nizungumze juu ya injini za ndege nyepesi, zile za mtu mmoja au wawili, mabomba na kitambaa. Wengi mnajua kisa chake. Vijana wetu wa Wiyoni, hapa Lamu, wanaunda fremu ya ndege, na wiki jana mmoja wao alinijia karakanani akaniuliza: "Fundi, mashine ya arobaini tunayo, ile ya boti ya farasi 40. Inasukuma boti na abiria na magunia mpaka Faza. Itashindwaje kuinua kitu ambacho watu wawili wanakibeba mabegani?" Swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu ni swali zuri, na jibu lake si kwamba nguvu haitoshi.

Nguvu inatosha na kusaza. Ndugu wawili wa Wright, wale Wamarekani waliotangulia kurusha ndege ya injini, waliporuka mwaka 1903, injini aliyowaundia fundi wao Charlie Taylor ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu, na uzito wake ulikaribia kilo 80. Nyinyi mna farasi 40. Basi tuifungue mashine yenu tuone inavyoishi.

Jambo la kwanza ni maji. Mashine ya boti haina rejeta, bahari ndiyo rejeta yake. Impela, ile pampu yake ndogo, inavuta maji baridi chini, yanapita kwenye silinda, yanatoka ule mkojo mnaouona ubavuni. Angani bahari haipo. Itabidi mbebe rejeta, mipira, na maji yenyewe. Ndiyo maana nawaambia: anayewauzia injini akiwatajia kilo zake, muulizeni amepima nini. Amepima na ekzosi? Na giaboksi? Na betri, na stata, na vyuma vya kuifungia? Marekani, tangu mwaka 1982, ndege ya kiti kimoja ya aina hii haitakiwi kuzidi kilo 115 ikiwa haina mafuta wala rubani. Katika kilo 115, rejeta iliyosahauliwa si kitu kidogo.

La pili ndilo ninalotaka tukae nalo, nalo ni rafadha, yaani propela.

Mliokulia kwenye mtumbwi mnajua kafi pana lililovutwa polepole linapeleka chombo kuliko kijiti kinachochapa maji haraka haraka. Hewa ni vivyo hivyo. Ndege ya mwendo mdogo inataka rafadha kubwa, izunguke taratibu, isukume hewa nyingi. Chukueni rafadha ya mita 1.6. Ncha yake kila mzunguko inasafiri mita tano hivi. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha inakimbia kama mita 210 kwa sekunde. Hapo ni sawa. Mashine ya boti ikiwa wazi kabisa inazunguka zaidi ya mara 5,000. Mkiifunga rafadha hiyo moja kwa moja kwenye krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ncha itapita mita 400 kwa sekunde, na katika joto letu hili sauti yenyewe inasafiri karibu 345. Rafadha haitavuta tena, itapiga kelele na kutetema, na nguvu yenu itaishia humo.

Mtaniambia, mbona majini haifanyi hivyo? Kwa sababu giaboksi iko mguuni, kule chini karibu na rafadha, ndiyo inayopunguza mizunguko. Na mguu ndio mtakaoukata ili injini iwe nyepesi. Mkikata mguu mmeikata na giaboksi. Wright hawakusahau: walifunga minyororo mfano wa ile ya baiskeli, rafadha zao mbili zikazunguka pole sana kuliko injini. Injini ya bodaboda nayo ina gia nne au tano, lakini ni gia za barabarani, na zile farasi zake hupatikana ikiwa inalia kabisa. Barabarani unailiza hivyo kwa muda mfupi. Ndege ikipaa inailiza dakika nyingi mfululizo, haina mteremko wa kupumzikia.

Sasa naomba mpokezane hii pistoni. Ishikeni, msiogope mafuta. Pitisheni kidole ubavuni, upande wa ekzosi. Mnaisikia ile michirizi ya kusimama, kama imeparwa na msumari? Na pale alumini ilipoyeyuka ikaifunika ringi? Hii ilikuwa yangu. Nilikuwa narudi kutoka Faza na abiria, wakati wa kusi, na nilinunua dumu la mafuta niliyoambiwa yameshachanganywa oili. Hayakuchanganywa. Ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, mashine ikakata. Haikukohoa wala haikupunguza, ilinyamaza tu. Tulitia nanga kando ya mikoko, tukangoja mpaka likapita boti jingine likatuvuta. Tangu siku ile oili nachanganya mwenyewe.

Angani hakuna nanga. Injini ikinyamaza mko mita 300 juu, ndege kama ile itawateleza kama kilomita mbili, basi. Kutoka Manda kwenda Kiwayu, hesabuni ni wapi kilomita mbili zitawafikisha kwenye mchanga mgumu. Rotax wa Austria, ambao injini zao ndizo zimeenea zaidi kwenye ndege hizi, wanaandika wazi katika vitabu vyao vya injini za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, kwamba injini inaweza kuzima ghafla. Mtengenezaji anayesema hivyo juu ya kazi yake namheshimu sana, na ningependa muamini alichoandika.

Basi mchague nini? Kwa fremu yenu, mipigo miwili ya farasi 50, silinda mbili, ya kupozwa kwa hewa, yenye giaboksi yake na plagi mbili kila silinda, ili moto wa upande mmoja ukifa, mwingine ubaki. Rotax 503 ni ya namna hiyo. Haitengenezwi tena, kwa hiyo mtapata iliyotumika. Msinunue kwa kuisikiliza ikinguruma. Fungueni ekzosi, mulikeni tochi tunduni, mtaiona pistoni. Ikiwa na michirizi kama hii iliyo mikononi mwenu, iacheni kwa bei yoyote. Na ulizeni imeshafanya kazi kwa jumla ya saa ngapi, maana kwa kitabu chake ikifika saa 300 inafunguliwa yote ikarabatiwe.

Rotax 912, ya mipigo minne, farasi 80, siku hizi inapewa saa 2,000 kabla ya kufunguliwa, na mafuta haili sana. Ni injini ninayoipenda. Lakini ni kilo 60 hivi, na fremu yenu haitaibeba. Nayo ina ugonjwa wake pwani: kabureta kuganda barafu. Mnacheka, lakini mtungi wa maji unapoaje? Kwa maji yanayokauka juu yake. Petroli ikikauka ndani ya kabureta inavuta joto vivyo hivyo, na unyevu wa hewa yetu hii nzito unaganda humo hata siku ya nyuzi 25.

Chumvi sitaisema sana, nyote mnaijua. Ila injini ya mipigo miwili ikilala wiki mbili bila kuzibwa kabureta na ekzosi, hewa ya bahari inaingia mpaka kwenye beringi za krankishafti, na kutu ya huko haionekani kwa nje.

Jumamosi baada ya alasiri nakuja Wiyoni na mizani ya samaki, ile ya kilo 200. Injini mtakayoipata tutaitundika kwanza na kila kitu chake. Halafu, kabla ya kwenda kuomba kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, tutaifunga fremu mkia kwenye mnazi, mizani ikae katikati ya kamba, tuwashe, tusome inavuta kilo ngapi. Leteni kamba nzima, msilete iliyoungwa.