Tundu Kwanza, Waya Baadaye

Habari za jioni. Najua wengine mlitarajia tuongelee kadi za picha, lakini leo ni waya wa kuunganisha kompyuta na monita tu. Wapo watu wenye monita ya Hz 165, yaani inayoweza kubadilisha picha mara 165 kwa sekunde, ambao tangu wainunue wanacheza kwa Hz 60. Walichomoa waya wa HDMI kwenye king'amuzi wakauchomeka kwenye kompyuta, picha ikatokea, wakaridhika. Kwa Hz 60, picha mpya inakuja kila baada ya milisekunde 16.7. Kwa Hz 144 ni 6.9. Tofauti hiyo ndiyo mliyoilipia dukani.

Kila mara naulizwa kuhusu aina mbili za tundu na waya wa picha: HDMI au DisplayPort, ipi bora? Swali hilo halijibiki likiwa hivyo. Niambie toleo gani, na unataka kupitisha nini. Toeni simu, fungueni kikokotoo, tupige hesabu.

Monita ya 2560 kwa 1440. Zidisha: pikseli, yaani vidoti vya picha, 3,686,400. Kila pikseli ina rangi tatu, kila rangi biti 8, jumla 24. Picha moja tu imeshafika biti milioni 88 na ushee. Zidisha mara 165. Mmepata? Gigabiti 14.6, yaani biti bilioni 14.6, kwa sekunde, na bado hatujaweka mapumziko mafupi kati ya picha na picha, ambayo nayo yanakula nafasi.

Sasa HDMI 2.0, ya mwaka 2013. Wanaitangaza kwa gigabiti 18. Lakini katika kila biti 10 zinazosafiri, 8 ndizo za picha. Mbili ni za kuuwezesha upande wa pili usome sawasawa. Zinabaki 14.4. Basi 14.6 haiingii kwenye 14.4, hata waya uwe wa dhahabu. Ndiyo maana monita nyingi za aina hii, ukisoma kijitabu chake, kwenye HDMI zinaishia Hz 144. DisplayPort 1.2, ambayo ni ya zamani zaidi, inabaki na 17.28 baada ya makato yale yale. Inapita. Kwa hiyo mwenye kadi ya picha ya RX 580 na monita kama hii achukue DisplayPort, asibishane na mtu.

Ukipanda hadi 4K, yaani 3840 kwa 2160, kwa Hz 144, mambo yanageuka. Hapo ni gigabiti 28.7. DisplayPort 1.4 ina 25.92, haitoshi, inabidi ibane picha kwa mbinu inayoitwa DSC. Mimi sina ugomvi na DSC. Kwenye gemu sioni tofauti. HDMI 2.1 ya gigabiti 48 inapitisha bila kubana. Shida ni kwamba jina lenyewe limechafuka: waliotunga kiwango cha HDMI waliruhusu tundu lenye uwezo wa 2.0 tu liitwe 2.1. Usinunue namba ya toleo. Uliza tundu hili linatoa Hz ngapi kwa ubora gani.

Wenye mashine ya gemu ya PS5 hamna cha kuchagua, ina HDMI peke yake. Mkitaka 4K kwa Hz 120, tundu la monita liwe 2.1 ya kweli. Kwa 1080p, yaani 1920 kwa 1080, Hz 120 inapita hata kwenye 2.0.

Waya wenyewe sasa. Kamba hukatikia pembamba: tundu la kadi, waya, tundu la monita, kilicho dhaifu ndicho kinachoamua. Kwa HDMI ya gigabiti 48 tafuta lebo ya Ultra High Speed yenye kodi ya kuskani, na uiskani palepale dukani. Skrini ikizima sekunde moja na kurudi, mshuku waya kabla ya kadi. Waya mrefu ndio wenye vituko hivyo. Mita mbili zinatosha mezani.

Waya feki wa DisplayPort una kituko kingine. Kila kichwa kina pini 20. Ya 20 ni ya umeme, volti 3.3, na kwenye waya wa kawaida haitakiwi kuunganishwa kutoka kichwa hadi kichwa. Ikiunganishwa, monita inasukuma umeme ndani ya kadi: umezima kompyuta lakini taa zinawaka, au inagoma kuwaka kabisa. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme anapima hilo kwa dakika moja.

Mkifika nyumbani, angalieni kwanza kama waya umechomekwa kwenye kadi ya picha na si kwenye ubao mama. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya mipangilio ya ziada (Advanced display), mchague Hz wenyewe. Mara nyingi imekaa kwenye 60.

Naam, kaka pale nyuma anauliza kuhusu adapta. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita, hata ya bei rahisi itatoa picha, ila usiitegemee kwa Hz za juu. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort, ile ya bei rahisi haitakupa kitu. Inahitaji yenye chipu yake, na mara nyingi na waya wa USB wa kuipa umeme.