Kalsiamu Katika Seli za Ubongo na Ugonjwa wa Kifafa

Ndugu wasikilizaji, mtoto anasoma kwa sauti darasani. Katikati ya sentensi ananyamaza. Macho yako wazi, kope zinapepesa, kitabu bado kimo mkononi. Baada ya sekunde kama 10 anaendelea kusoma, wala hajui kwamba alikatika. Wapo wanaomwadhibu kwa utovu wa makini, na jambo hilo huniuma, kwa maana mtoto huyo huenda ana kifafa cha kuzubaa.

Nje ya seli ya neva, kalsiamu ni nyingi takriban mara 10,000 kuliko ndani yake. Tofauti hiyo hulindwa usiku na mchana na pampu zinazoitoa nje au kuihifadhi katika vighala vya ndani, kwa kuwa chembe chache tu zikipenya hutosha kuiamuru seli itoe kemikali za kupeleka ujumbe kwa jirani yake.

Katika thalamasi, kiungo kilicho katikati ya ubongo, ipo milango ya kalsiamu ya aina ya T, na tabia yake ni ya ajabu: seli inapotulizwa kupita kawaida, ndipo milango hiyo inapojiweka tayari, na msisimko mdogo tu ukija inafunguka, kalsiamu inaingia, na seli inafyatua mapigo mfululizo. Mapigo hayo huziamsha seli za kutuliza, nazo huirudisha seli ile katika utulivu uliopitiliza, na mzunguko ukaanza upya, takriban mara 3 kwa sekunde. Mawimbi ya mwendo huo ndiyo ambayo watafiti Gibbs, Davis na Lennox waliyaeleza mwaka 1935 walipopima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa kifafa cha kuzubaa. Dawa ya ethosuksimaidi hupunguza kalsiamu inayopita katika milango hiyo. Kabamazepini, dawa inayowafaa wagonjwa wengi wa kifafa cha aina nyingine, inaweza kukizidisha hiki cha kuzubaa.

Mshtuko wa degedege ukipita dakika 5 ni dharura, kwa sababu kalsiamu inayofurika ndani ya seli kwa muda mrefu huzidi uwezo wa mitokondria, yaani viwanda vya nishati vilivyomo ndani ya seli, na kuziua seli.

Wazazi huuliza kama maziwa au vidonge vya kalsiamu vitasaidia. Kalsiamu ikipungua sana katika damu huweza kuleta degedege, na hapo huongezwa hospitalini. Lakini wengi wenye kifafa wana kalsiamu ya kutosha katika damu, kwa hiyo vidonge hivyo visichukue nafasi ya dawa zao.