Maji ya taa ya UV msiyapange dirishani

Haya, nyie wenye vioski vya maji hapa Mtwara naomba mnisikilize leo, maana hili nimeshalisema Ligula, nimelisema Mikindani, na bado napita naona madumu meupe yenye maji yaliyotoka kwenye taa ya UV, ile ya mionzi isiyoonekana ya kudhibiti vijidudu, sasa hivi yamepangwa dirishani yanameremeta. Jamani! Ile taa haimsagi bakteria, inachofanya ni kugandanisha vipande jirani kwenye DNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, ashindwe kuzaana. Kajeruhiwa, hajafa.

Na jeraha hilo mwanga unalitibu. Albert Kelner aliliona Marekani, akaliandika 1949, bakteria waliopigwa UV wakikaa kwenye mwanga wa kawaida wanaanza kuota tena. Ila mimi kazi ninayoipenda ni ya Rupert na wenzake pale chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilitoka 1958, hawa hata bakteria mzima hawakumhitaji. Walichukua DNA ya bakteria anayeitwa Haemophilus influenzae, ile inayowapa bakteria wengine uwezo wa kuhimili dawa ya streptomaisini, wakaipiga UV mpaka ikapoteza huo uwezo, halafu wakawapasua bakteria wengine, E. coli, wakachukua utomvu wa ndani tu, wakauchanganya na ile DNA iliyoharibika, wakamulika kwa taa ya kawaida. Uwezo ukarudi! Mchanganyiko huohuo ukiwekwa gizani, hola. Yaani seli imeshapasuliwa lakini fundi wake bado yumo kwenye utomvu anapiga kazi, anachodai ni mwanga basi. Fundi huyo ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ndani ya seli, kinaitwa fotolaiesi.

Najua kuna mtu anasema mbona tunafundishwa kuanika chupa za maji juani masaa sita yanakuwa salama? Kweli kabisa, jua kali la nje lina UV na joto, linajeruhi haraka kuliko fundi anavyorekebisha. Ndani dirishani sio hivyo, kioo kinazuia sehemu kali kinaacha mwanga uleule fundi anaoutaka. Msichanganye.

Halafu taa zenyewe sasa. Ikiwa na nguvu na maji ni maangavu, majeraha yanakuwa mengi fundi anazidiwa, lakini ya kwako ukipitisha kidole kwenye kile kioo kinachoifunika unakuta utando mweupe wa chumvi, na taa ikizeeka inaendelea kuwaka bluu vilevile wakati UV imeshapungua, we unaridhika na rangi!

Taa haiachi kinga yoyote ndani ya maji, kwa hiyo weka klorini kwa kipimo, dumu lifunikwe likae kivulini. Mwenye swali kuhusu taa yake aanze.