Picha ni Mkeka wa Namba

Walimu wangu, wanafunzi, habari za asubuhi. Nimeombwa niwafundishe kuhariri picha kwa saa moja. Saa moja haimalizi hata menyu ya kwanza, kwa hiyo menyu naziacha. Mtazipata wenyewe kwenye video, usiku, bando likiruhusu. Mimi nataka tuchungulie chini ya menyu.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipewa kazi ya bango la harusi, upana mita tatu, picha ya maharusi ilijaze lote. Picha yenyewe nilitumiwa kwenye simu. Kwenye laptopu ilikuwa safi, bibi harusi anameremeta. Tukachapa, tukatundika ukumbini. Mama mzazi wa bibi harusi akasogea, akaangalia, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona uso wa binti yangu una vigae?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Lawama zote nilimtupia mwenye mashine ya kuchapa, na hakuwa na kosa. Picha ile ilikuwa imepita simu kadhaa, kila ikitumwa inabanwa, mpaka ikabaki na upana wa pikseli 1,200. Gawanyeni 1,200 kwa sentimita 300. Ni nne kwa kila sentimita. Kila pikseli imekuwa kigae cha milimita mbili na nusu, na mama yule aliviona kwa macho yake. Hesabu hiyo ningeifanya kwa kidole mezani kabla ya kulipia turubai.

Sasa pikseli ni nini? Fikirieni mkeka wa ukindu uliotiwa rangi. Ukiwa mlangoni unaona mapambo yametulia. Ukiinama, mapambo yanapotea. Unaona ukindu mmoja mwekundu, jirani yake mweupe, wa tatu zambarau. Picha ya kompyuta imesukwa hivyo hivyo, ila mahali pa ukindu pana namba. Kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Sifuri tatu ni giza totoro, 255 tatu ni weupe. Michanganyiko yote ni rangi 16,777,216. Na mkeka ukiuvuta hauzai ukindu mpya. Ndiyo maana nembo hatuichori kwa pikseli. Nembo tunaichora kwa vekta, ambamo kompyuta inakumbuka maelekezo ya mstari, unaanzia wapi na unapinda vipi, kisha inauchora upya kwa ukubwa wowote, wa kalamu au wa ubavu wa basi.

Mwaka 1957, kule Marekani, mtaalamu wa kompyuta Russell Kirsch na wenzake waliingiza kwenye kompyuta picha ya mwanawe mchanga. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Kitoto kinatambulika, lakini vigae vyake navyo vinatambulika.

Mkishakubali kwamba picha ni namba, kuhariri kunakuwa hesabu. Kuongeza mwanga ni kujumlisha, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo picha zetu nyingi zinapoharibikia. Bibi harusi ana ngozi nyeusi nzuri na shela jeupe. Uso uko kwenye 60, shela liko kwenye 240. Unaona uso umefifia, unavuta mwanga, unajumlisha 40 kila mahali. Uso unafika 100, vizuri. Shela lilitakiwa lifike 280, lakini ngazi inaishia 255. Kwa hiyo penye 240 pamekuwa 255, penye 230 pamekuwa 255, penye 220 vilevile. Zile tofauti ndogo ndizo zilizokuwa darizi na mikunjo, sasa zote namba moja. Ukihifadhi hivyo, hata ukipunguza mwanga kesho, darizi hairudi. Utapata shela la kijivu tupu. Dawa yake ni kile kimstari cha mshazari kwenye kisanduku cha toni, kiitwacho Curves: unainua sehemu ya vivuli peke yake, ncha ya juu unaiacha ilipo. Na msiinue mno. Kumng'arisha mtu mpaka ndugu zake wasimjue si kazi ya mhariri wa picha, ingawa wateja wataomba, na wengine watasisitiza.

Tabaka, ambazo mafundi wengi wanaziita leya, nitazipitia haraka. Chukulieni karatasi za plastiki angavu zilizopangwa juu ya picha: maandishi kwenye moja, ua kwenye nyingine. Ukikosea, unatoa moja. Lakini ukihifadhi kwa JPEG, ile aina ya faili la picha tunayotumiana kila siku, zote zinagandana kuwa kitu kimoja, na zaidi ya hapo JPEG inapunguza: inaigawa picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane na kutupa yale ambayo jicho halitayatambua upesi. Ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi tena, inatupa tena. Kwa hiyo kazi ibaki kwenye faili la programu yenyewe, JPEG iwe nakala ya kumtumia mteja.

Na rangi za kioo si za wino. Kioo kinatoa mwanga. Karatasi inaurudisha ule ambao wino haukuumeza. Ile kijani inayowaka kwenye laptopu, kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi itatoka imepoa. Chapeni kipande kidogo kwanza, mteja akione kwa macho.

Mtauliza programu gani. GIMP ni ya bure, na ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Photoshop nayo chanzo chake ni Thomas Knoll, aliyeianza mwaka 1987 akisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan. Wanafunzi kama nyinyi. Zile za kupeana kwenye flashi, zilizovunjwa kufuli, mimi zimeshaniletea virusi mara mbili.

Haya, fungueni laptopu. Chagua picha ya mtu unayempenda, kuza jicho lake mpaka uone vigae, kisha uniambie namba tatu za kigae cha katikati ya mboni. Tufanye upesi, umeme ungali upo.