Kamba, Ndoo na Maganda ya Muhogo
(Mazungumzo na wafugaji wa Micheweni, Pemba)

Assalamu alaykum. Nawashukuru masheha na nyinyi wafugaji. Najua saa hizi wengine mngekuwa mnahamisha kamba.

Leo tuzungumze juu ya mifugo kula sumu, basi nianzie kwenye kamba. Ng'ombe aliyeachiwa uwanja mpana hukwepa majani mengi mabaya. Wa kwetu tunamfunga, na kiangazi akimaliza nyasi za mzunguko wake hula kilichobaki. Kwa hivyo anapokula sumu, mara nyingi mkono wa mtu umo, ama kwenye kigingi ama kwenye ndoo.

Ndoo ya maganda mabichi ya muhogo, kwa mfano. Muhogo, hasa ule mchungu, ukitafunwa hutoa sumu iitwayo sianidi, na majani na maganda yanayo zaidi kuliko muhogo wenyewe. Ng'ombe na mbuzi hudhurika upesi kuliko punda, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lao la kwanza ndivyo vinavyoifungua sumu hiyo. Haizibi pumzi, inauzuia mwili kuitumia hewa iliyokwishaingia kwenye damu. Ndiyo maana mwanzoni ufizi huwa mwekundu sana, huku mnyama anahema, anatetemeka, mwisho anaanguka. Pengine dakika chache tu baada ya kula! Hapo msimnyweshe kitu, si maziwa wala maji ya ndimu, yatamwingia mapafuni. Mpigieni daktari wa mifugo, mumwambie amekula muhogo. Dawa ipo, ya kuchoma mshipani, lakini haitaki kungojwa.

Maganda yakikatwa membamba yakaanikwa juani hadi yakauke, sumu hupungua sana. Kuyarundika guniani siko kuyaanika.

Ila msilifanye jua kuwa tiba ya kila jani. Kuna oleanda, mti wa maua wa bustanini. Likipogolewa, matawi hutupwa nje ya ukuta, na mtu huona malisho ya bure. Hilo hata likauke vipi sumu imo, na hupiga moyo. Majani machache tu yanaua ng'ombe mzima.

Sasa kisu, na hapa mtanivumilia. Mnyama akiyumba, watu hukimbilia kumchinja asije akawa mzoga, na nyama ikagawiwa mtaani. Nawaelewa, ng'ombe ni mali. Lakini nyama hiyo isigawiwe kabla daktari hajaikagua. Yaliyomo tumboni yafukieni, kuku wasiyafikie, ila kwanza mwekeeni daktari konzi moja ndani ya mfuko: humo ndimo atakamoliona jani lenyewe.