Mlio wa Usiku wa Tatu

BARAKA: Karibuni tena. Leo tuliahidi mambo matatu kuhusu hospitali janja na usalama wa mgonjwa. Ila Rukia ana macho mekundu.

RUKIA: Nimemuuguza mama mkubwa wodini, usiku tatu. Kidoleni kabanwa kile kidude cha kupima oksijeni. Akikuna pua tu kinachomoka: ti-ti-tiii! Usiku wa kwanza nilikuwa naruka kila kinapolia. Usiku wa tatu kikalia, nikageukia ukutani.

BARAKA: Ukageuka?

RUKIA: Nikageuka. Na safari hiyo kidude kilikuwa mahali pake, oksijeni inashuka kweli. Muuguzi ndiye aliyekuja mbio, akamwinua, akamwekea mto mgongoni, namba zikapanda. Mimi nilikuwa hatua moja tu.

BARAKA: Pole sana, dada yangu. Si wewe, ni sikio lililozoea mlio. Kule Marekani, Joint Commission, wanaoidhinisha hospitali, walitoa onyo mwaka 2013: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 waliripotiwa matukio 98 yaliyohusu alamu, na 80 yaliishia kifo. Wakakadiria kuwa asilimia 85 hadi 99 ya milio haihitaji tiba yoyote.

RUKIA: Ti-ti-tiii.

BARAKA: Ee, huo huo! Sasa utanifuata hadi nyumbani. Ndiyo maana nasema mlio uondolewe kitandani. Uende kwenye simu ya muuguzi wa mgonjwa yule. Asipoitika, uruke kwa mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 1999 wodi usiku isizidi desibeli 30. Huo ni mnong'ono.

RUKIA: Hapana. Mlio ubaki pale pale. Mtandao ukikatika je? Simu ikizima chaji?

BARAKA: Basi kitanda kilie chenyewe mtandao ukipotea. Hilo linasanifiwa mapema, kabla jengo halijasimama.

RUKIA: Na simu ikilia mara mia mfukoni, si umehamisha kelele tu?

BARAKA: Unaipunguza kwanza. Kila mgonjwa awekewe kiwango chake, na mashine isubiri sekunde chache kabla ya kulia, maana kidole kikitikisika namba hujirudi zenyewe.

RUKIA: Sekunde za nani hizo? Za mama mkubwa?

BARAKA: Rukia, mlio ulikuwepo. Na ulilala.

RUKIA: Nililala kwa sababu ya ile mingine ya uongo! Rekebisheni ya uongo, wa kweli niachieni nausikia. Anayekaa na mgonjwa usiku kucha ni ndugu, naye unamnyima sikio.

BARAKA: Ndugu hajui kusoma skrini.

RUKIA: Anajua kuita.

BARAKA: Sikubali.

RUKIA: Wala mimi.

BARAKA: ...Fundi ananionyesha dakika moja. Na karatasi yangu haijaguswa! Nilikuwa na bangili ya mgonjwa, ile ya mistari ya kuskani: hospitali moja ya Boston, utafiti wa 2010, makosa ya kutoa dawa, ukiacha ya kuchelewa au kuwahi, yalipungua kwa asilimia 41. Nilikuwa na masinki ya kunawia pia...

RUKIA: Masinki wiki ijayo. Mimi narudi wodini, leo zamu yangu tena.

BARAKA: Mama mkubwa anaendeleaje lakini?

RUKIA: Amekunywa uji asubuhi. Kidude wamemhamishia kidole cha mkono wa kushoto, asichokunia pua.